Nimesikia, Mwanangu

Carrollton, Jumapili, 8 Juni

Leo baada ya ibada, tukiwa mezani, mwanangu Humphrey aliweka uma chini akasema, "Baba, mimi na Jeptoo tumeongea. Tunataka ubaki. Si kwa likizo. Ubaki kabisa."

Mkewe Jeptoo alikuwa anamimina chai. Mjukuu wangu Queen, msichana wa miaka tisa, alikuwa anatenga njegere pembeni mwa sahani kama mtu apangaye askari. Nilimaliza kutafuna, nikasema, "Nimesikia, mwanangu."

Humphrey alifurahi kuliko nilivyotarajia. Aliinuka akanishika mabega. Nilidhani amefurahi kwa kuwa sikumkatalia papo hapo.

Nilifundisha Kiswahili na Jiografia maisha yangu yote ya kazi, na ugonjwa wa kueleza haujanitoka, kwa hiyo nieleze. Kwetu Usangi, katika milima ya Upare, mtu mzima hamkatalii mwanawe mbele ya chakula. "Hapana" ikitamkwa juu ya sahani hubaki kwenye sahani, na sahani hiyo kesho mtailia tena. Basi husema "nimesikia." Maana yake ni kwamba maneno yako yamefika, yamepewa kigoda, yamekaa. Baada ya siku kadhaa jibu hupelekwa na mtu mwingine, shangazi au shemeji mwenye ulimi laini, na aliyeomba hupata nafasi ya kununa bila kutazamwa.

Jibu langu ni kwamba nitarudi nyumbani mwezi wa nane kama tiketi inavyosema. Ninatafuta tu wa kulipeleka.

Jumanne, 10 Juni

Joto. Nimetembea hadi kona na kurudi. Sikukutana na mtu anayetembea kwa miguu ila mama mmoja na mbwa wake. Mbwa ndiye aliyenisalimu.

Jumamosi, 5 Julai

Humphrey amekodi nyumba yenye magurudumu. Wenyewe huiita RV. Mimi nimeiita gari-nyumba, na jina limeshika. Tutazunguka nayo magharibi, kisha tushuke kusini, tumalizie Pearland, karibu na Houston, kwa binti yangu Prudensia ambaye ni muuguzi huko.

Nimeingia kuikagua. Nyuma kuna kitanda cha Humphrey na mkewe, chenye pazia. Queen atalala juu ya usukani, mahali palipochongwa kama kichuguu. Meza ya kulia ikikunjwa inakuwa kitanda, na hicho ndicho changu. Kutoka mto wangu hadi pazia la mkwe wangu, mkono ukinyooshwa unafika.

Hapa napo panahitaji maelezo. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa umbali. Siingii anapolala, simwoni akiwa na kitambaa cha usingizi kichwani, naye hanisikii nikikoroma. Si chuki. Ni kama masale yaliyopandwa mpakani: hayamzuii mtu kupita, yanamkumbusha tu kwamba anapita.

Nilimwambia Humphrey kwa kuzunguka, "Nafasi ni ndogo kidogo."

"Ndiyo raha yake, Baba," akajibu. "Tutakuwa pamoja mpaka tuchokane."

Jumamosi, 12 Julai

Tumeondoka. Fort Worth tulisimama Queen aone ng'ombe wenye pembe ndefu wakipitishwa barabarani mbele ya watalii. Nilimuuliza mwenyeji mmoja wanafanya kazi gani nyingine. Akasema hawana, kazi yao ni kutazamwa. Niliwahurumia kwa namna ya mtu aliye kazini pamoja nao.

Jumanne, 15 Julai

Korongo jekundu, kubwa. Nimeshangaa inavyotakiwa.

Ijumaa, 18 Julai

Chini ya kitanda changu kuna tangi la maji. Gari likisimama, maji huchezacheza kidogo kabla ya kutulia, na leo sauti hiyo ilinipeleka moja kwa moja ndivani.

Ndiva ni bwawa la kijiji, walilolijenga wazee wa wazee wetu juu mlimani. Maji hukusanyika usiku, asubuhi hufunguliwa, na kila nyumba ina zamu yake. Siku ya zamu yako unashuka na jembe, unayaelekeza maji shambani kwako, unasimama nayo hadi muda wako uishe. Asiyefika zamu yake, maji humpita. Na asiyefika mara nyingi, watu huanza kusema nyumba ile imekufa, hata kama moshi unatoka jikoni.

Nimemwachia zamu yangu Rogers, mtoto wa marehemu kaka yangu. Ni kijana mwaminifu. Lakini anachelewa kuamka.

Humphrey amesema, "Mwakani tutafika hadi bahari ya Pasifiki, Baba." Nikasema safari ni njema. Mtu akiwa anaendesha, mwache aote.

Jumapili, 20 Julai

Nimejiwekea utaratibu. Kabla hakujapambazuka natoka na kiti cha kukunja, nakaa nje mpaka Jeptoo ameamka, amevaa, amekunja kitanda na kufungua pazia. Jioni natoka tena hadi taa yao izimwe. Huko nje kuna mbu, lakini heshima ina gharama zake.

Leo Jeptoo alichungulia mlangoni. Yeye ni Mkenya, Mnandi, na Kiswahili chake kinatembea bila kofia. "Baba, mbona unakaa nje kila siku kama askari? Kwani ndani kunanuka?"

"Napunga upepo, mama."

"Upepo gani? Hata majani haitingiki." Akanipa kikombe. "Shika chai. Na unipatie hicho kikombe cha jana."

Nimefundisha vizazi kusema "naomba." Huyu husema "nipatie," "leta," "shika." Chai yake hata hivyo ni nzito, na haisahau tangawizi.

Jumanne, 22 Julai

Tumeendesha siku nzima. Tambarare. Tambarare. Kisima cha mafuta. Tambarare.

Jumatano, 23 Julai

Tumelala karibu na San Antonio. Queen amelia bila kupigwa. Hunijibu kwa Kiingereza siku zote. Humu namwandika kwa Kiswahili ili daftari lisichanganyikiwe.

"Nataka nyumbani," alisema. Kwake nyumbani ni Carrollton. Kuna kitanda chake, na samaki aliyemwacha kwa jirani; Queen ana hakika kwamba samaki huyo amekufa.

Nilimketisha nje kwenye kiti changu, nikamweleza kwamba hali hiyo ina jina. Kwa Kiswahili mtu husema "nimekumbuka nyumbani." Ni kitenzi kilekile cha kukumbuka jibu la mtihani, na mgeni wa lugha anaweza kudhani mtu amekumbuka tu, basi. Ndani yake kuna homa. Mtu anaweza kukumbuka nyumbani mpaka asile.

"Na wewe Babu unakumbuka?"

"Sana, Malkia wangu."

"Nini?"

Nilitaka kusema kaburi la bibi yake lililo nyuma ya nyumba, nikaona ni zito. Nikasema, "Ukungu. Kwetu mwezi huu asubuhi huoni ng'ombe wako mwenyewe, unamsikia tu anakohoa."

Alicheka. Kisha akasema, "Lakini si nyumbani kwako ni kwetu sasa? Baba alisema."

Watoto hushika nusu ya habari. Nikambeba ndani.

Ijumaa, 25 Julai

Tumeingia kwenye msitu wa misonobari kaskazini ya Houston. Hewa ina maji mengi kiasi kwamba shati halikauki, linabadilisha tu aina ya unyevu. Tumeegesha kambini kando ya ziwa, na ni kituo cha mwisho kabla ya Pearland. Siku zimebaki chache, na badala ya kupungua, hamu ya nyumbani imezidi. Naona ni kama mzigo: mtu huusikia zaidi akikaribia mlango.

Jumamosi, 26 Julai

Niandike taratibu.

Asubuhi, wengine wakiwa ziwani, nilimpigia Rogers.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Maji yalifika zamu yetu?"

"Yalifika vizuri. Mwalimu Yasinta mwenyewe alishuka na jembe. Ni mwanamke wa kazi yule."

"Mwalimu Yasinta ni nani?"

 Nikamsikia Rogers akihama alipokuwa, mlango ukafungwa.

"Si huyu aliyeingia nyumbani kwako? Amehamishiwa shule ya hapa, ana watoto wawili, hakuwa na pa kukaa. Humphrey alinipigia mwezi wa sita. Akasema umekubali kuhamia huko moja kwa moja, na nyumba isikae tupu ikaliwa na mchwa. Vitu vyako nimevifungia chumba cha nyuma, baba mdogo. Hata kiti chako hakuna aliyekikalia."

Niliitazama misonobari. Sikuwa na hasira bado. Nilikuwa kama mtu aliyeteleza ambaye hajafika chini.

"Nimesikia," nikasema.

Rogers hajawahi kuishi nje ya Upare. Hakuhitaji hata pumzi mbili.

"Kumbe hukukubali," akasema.

Hapo ndipo nilipofika chini.

Nikarudi mezani pale Carrollton, wali na njegere, nikajisikia nikilisema neno lile, na mwanangu akiinuka kwa furaha. Mwanangu niliyemfundisha kusoma. Aliondoka kwetu akiwa kijana, na miaka aliyokaa huku imelivua neno hili maana yake ya kwetu, ikalivika nyingine. Mimi nikamtazama akifurahi na sikuuliza anafurahia nini.

Waliporudi, Humphrey alikuwa anaunganisha bomba la maji nyuma ya gari. Nikamwendea, nikaanza kwa mbali.

"Tiketi yangu uliiweka wapi, mwanangu?"

"Ile? Nili-cancel tangu Juni, Baba." Hakuinua hata kichwa. "Usijali kabisa."

Nikasema lile lile. Nimesikia. Naona mdomo ukizoea mlango mmoja hautafuti mwingine.

Jumapili, 27 Julai

Mvua kutwa, na kiyoyozi cha gari kimekufa. Watu wanne ndani ya sanduku la bati, madirisha yamefunikwa na mvuke, Queen anachora samaki kwenye kioo. Hakuna pa kwenda kuongea, na hakuna pa kwenda kunyamaza.

Nimemtafuta mjumbe. Nikampigia Prudensia, nikaanza kwa mbali, na kabla sijafika popote akasema, "Baba, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema ubaki. Humphrey asijisifu." Basi huyo si mjumbe, huyo ni mdai mwenza.

Humphrey amefuta jasho la shingo yangu kwa taulo bila kuombwa. Ni mtoto mwema. Hilo ndilo linalofanya jambo liwe gumu. Mtoto mbaya ningeshamkatalia.

Jumatatu, 28 Julai

Leo nimemjua mkwe wangu.

Mvua ilikatika asubuhi. Nilipeleka shuka zangu chumba cha mashine za kufulia, kile cha kambi, nikamkuta Jeptoo peke yake anakunja taulo. Nikageuka nitoke.

"Baba," akasema. "Usitoroke. Nikuulize kitu. Sisi tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, mama."

"Basi ni mimi. Nikiamka umetoka. Nikilala umetoka. Humphrey anasema ni uzee, mimi nasema mzee hawezi kupenda mbu hivyo."

Nikaona nisipoeleza sasa sitaeleza tena. Nikamweleza habari ya mkwe, umbali, kitambaa cha kichwani, masale. Alinisikiliza taulo likiwa limening'inia mkononi. Kisha akakaa juu ya mashine, akaanza kucheka, mpaka akaufunika uso kwa lile taulo.

"Baba. Hata kwetu. Hata kwetu mzee hawezi lala nyumba moja na bibi ya kijana wake." Bibi kwao ni mke; nilimwacha apite. "Mimi nilimwambia Humphrey hii gari itatuua na aibu. Akasema hayo ni mambo ya kitambo. Baba, tangu tutoke Carrollton nalala na nguo ya kutoka. Na mkanda. Naoga huko kwa bafu ya kambi, usiku, na nyoka."

"Nyoka wapo?"

"Sijui. Mimi huimba, wakimbie."

Kumbe sauti niliyokuwa nikiisikia ni yake. Nilidhani ni redio ya jirani. Nikacheka nami, na sijui mara ya mwisho nilicheka lini hivyo. Watu wawili wamekuwa wakijitesa kwa heshima moja, kila mmoja akidhani mwenzake haijui.

Alipofuta macho akasema, "Sasa ukikaa Carrollton tutakutafutia chumba cha chini, na mlango wako. Utakuwa mbali kabisa na mimi."

"Jeptoo," nikasema. Sijawahi kumwita jina. "Mimi sikukubali kukaa."

"Kwani ulisema nini siku hiyo?"

"Nilisema nimesikia."

"Ehe. Si hiyo ni ndio?"

"Kwetu ni bado. Na mara nyingi ni hapana."

"Haiya." Mashine ilizunguka nyuma yetu. "Baba, huku ukisema umesikia, watu wanaandika. Sisi tuliandika. Na ile nyumba?"

"Ina watu."

Akaziba mdomo. Hapo nikaona nafasi yangu. Nikamweleza kwamba kwa mila jibu kama hili halipelekwi na mwenyewe, hupelekwa na mtu wa katikati, na kwamba labda yeye, kwa kuwa yuko karibu na Humphrey...

"Hapana, Baba."

Alisema bila kupayuka na bila kuomba radhi.

"Hiyo siwezi beba. Nikimwambia Humphrey hutaki kukaa, itafika Pearland, itafika Usangi, na wote watasema ni yule Mkenya amemfukuza mzee. Humphrey mwenyewe hatasema. Lakini siku tukikosana, atafikiria. Wewe utakuwa umeenda kwako. Mimi ndio nitabaki nyumba moja na hayo maneno."

Akainuka, akaanza tena kukunja. "Sema mwenyewe. Mimi nitakuwa hapo. Nitapika chai, ama nitashika mlango. Lakini mdomo ni wako."

Nimekaa na maneno yake mchana kutwa. Nilikuwa nikiisifu mila hii darasani: tazameni busara, hakuna anayeaibika. Sikuwahi kuwauliza wanafunzi, wala nafsi yangu, mjumbe hulala wapi akishapeleka jibu. Na nilikuwa namwona huyu mwanamke hana adabu kwa sababu husema "nipatie." Kumbe anachotaka hukitaja, na asichotaka hukitaja, na mtu akikaa naye anajua amesimama wapi.

Jumatano, 30 Julai. Pearland

Tumefika kwa Prudensia jana jioni. Leo asubuhi gari-nyumba limekutwa na karatasi kwenye kioo: kamati ya wenye nyumba wa mtaa haikubali gari la namna hiyo lilale mbele ya nyumba. Liondoke leo.

"Hapa hata rangi ya mlango unaomba ruhusa," Prudensia akasema. "Na mimi nimewahi kuwapelekea kesi ya mti wangu. Nikashinda."

"Mpare na kesi," Humphrey akamwambia. "Ungeuza ng'ombe ushinde kesi ya kuku."

"Na ningeshinda."

Walicheka, nami nikawatazama wanangu wawili wakiwa katika chumba kimoja, jambo ambalo mama yao hakuliona tena tangu walipovuka bahari. Jeptoo aliniletea chai, akaniangalia mara moja, akaenda kusimama karibu na mlango wa jikoni. Alikuwa ametimiza ahadi yake.

Prudensia alikuwa amepika makande. Amebadilishana zamu hospitali ili ayapike. Nilipoonja, nilitamani ningeonja nikiwa peke yangu. Yalikuwa matamu, na hayakuwa yale. Mahindi yalikuwa makubwa mno, na moshi wa kuni haukuwemo, na ulimi wangu ulijua hivyo kabla yangu.

"Kula, Baba," Prudensia akasema, akinyoosha upawa. "Sasa wewe ni mtu wa hapa, nitakupikia mpaka uyachukie."

Nikaweka kijiko chini. 

"Hapana," nikasema.

Upawa ukasimama hewani. "Hutaki makande?"

"Makande nayataka. Kukaa ndiko sikutaki. Sitabaki, wanangu. Nitarudi nyumbani."

 Humphrey alimtazama mkewe. Jeptoo akamtazama vilevile, uso mkavu, kama mtu aliyekuja mkutanoni bila ajenda.

"Lakini ulikubali," Humphrey akasema. "Mbele yangu. Ulisema umesikia."

"Nilisikia. Sikukubali."

"Kuna tofauti gani?"

Nilifungua mdomo nieleze, na kwa mara ya kwanza maelezo hayakuja. Aliuliza kwa dhati. Hakukumbuka.

"Mwaka jana ulianguka njiani kutoka ndivani," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, si kupanda. "Ulilala pale asubuhi mpaka watoto wa shule wakapita. Mimi niliambiwa baada ya wiki, kwa sababu ulikataza nisisumbuliwe. Mama alipokufa nilifika udongo umeshakauka. Nilishika udongo, Baba, ukawa vumbi. Sasa niambie. Ukianguka tena nani atakuokota?"

Prudensia alikuwa anatazama makande yake.

"Gari linatakiwa kuondolewa," Humphrey akasema, akachukua funguo.

Nilimfuata. Nikapanda kiti cha mbele, cha Jeptoo, ambacho sikuwahi kukikalia safari nzima. Hakuniambia nishuke. Tuliendesha kwenda yadi ya kuegesha magari makubwa, mawingu meusi upande wa bahari, vyombo vikigongana kabatini nyuma yetu. Nikagundua kwamba katika safari yote hii ya kuwa pamoja, hatukuwahi kuwa wawili.

"Ulichosema ni kweli," nikamwambia. "Nikianguka hapa mtaniokota upesi. Lakini zile siku ambazo sijaanguka, Humphrey, nitazifanya nini?"

Akawasha taa ya kukata kona.

"Pale nina zamu. Nikikosa, kuna mtu anauliza yuko wapi. Hapa nikikosa, ni nyinyi watatu tu mtakaojua, na nyinyi mna kazi. Mama yako yuko nyuma ya nyumba. Si kwamba naongea naye. Napita tu na ndoo, nikijua yupo."

Taa nyekundu ikatusimamisha. Chini ya kitanda changu maji ya tangi yakachezacheza, yakatulia.

"Na nyumba nimeshampa mtu," akasema.

"Najua. Rogers aliniambia."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

"Na ukakaa kimya?"

"Nilikuwa namtafuta wa kukuambia. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Anayesema nimesikia hajajibu. Jibu huja baadaye, kwa mdomo wa mwingine. Ulikuwa unajua ulipokuwa mdogo. Uliwahi kuniomba baiskeli kupitia shangazi yako."

Akaendesha kitambo. Nilimwona akilitafuta, kama mtu apapasaye mfukoni katika koti la zamani.

"Na jibu alilileta shangazi," akasema. "Nikanuna chini ya mti wa kahawa."

"Ndiyo."

Tulifika yadi. Alizima injini, mikono ikabaki kwenye usukani. Matone ya kwanza yakaanguka kwenye bati.

"Nimesikia, Baba," akasema.

"Nimesikia ya huku, au ya kwetu?"

Alifikiri kwa uaminifu, nilimwona akifikiri.

"Ya kwetu," akasema.

Nikashuka garini nikiwa na vitu viwili kifuani. Amelirudisha neno, na kwa neno hilo hilo amekataa.

Alhamisi, 31 Julai

Mvua. Humphrey hasemi. Ananiwekea sukari kwenye chai kama kawaida, hasemi.

Jumamosi, 2 Agosti. Carrollton

Gari-nyumba limerudishwa. Kabla ya hapo Queen alibusu kichuguu chake, na Jeptoo akasema, "Mimi nabusu nini? Mkanda?" Samaki yuko hai. Nimelala chumba chenye mlango, na sikusikia maji usiku kucha.

Jumatano, 6 Agosti

Alasiri hii Queen amekuja chumbani akiwa amesimama wima, mikono mgongoni, kama mtoto wa shairi la shule. Nyuma yake, kwenye ngazi, niliona kivuli cha mtu mzima kikijificha vibaya.

"Babu," akasema. Kwa Kiswahili. Chote. Alikuwa amefundishwa neno kwa neno, na alilisema kila moja kama anavuka jiwe hadi jiwe. "Baba amenituma. Amesema, tiketi ni ya tarehe ishirini na moja."

Nilikaa kitandani.

"Amesema," akaendelea, macho juu, akitafuta jiwe linalofuata, "Mwalimu Yasinta asihame. Akae nyumbani na watoto wake, ili... ili uangukiwe na mtu."

Kivuli cha ngazini kikakohoa.

"Ili ukianguka kuna mtu," akasahihisha. "Baba anauliza, utakubali?"

Nikaitazama nyumba yangu akilini. Mwanamke nisiyemjua anapika jikoni kwangu. Watoto wake wanapita kwenye kaburi la mke wangu kwenda chooni. Mzee ndani ya chumba cha nyuma, akitoka mapema kabla hawajaamka, na kiti chake. Baada ya gari lile, nilidhani nimemaliza kuishi nyuma ya pazia la mtu. Lakini ni yeye aliyeshuka ndivani na jembe, zamu yangu ikaonekana hai.

Nilisikia neno likipanda kooni, lile la zamani, limevaa nguo zake za heshima. Nikalikalisha.

"Mwambie ndiyo," nikasema.

Queen alikunja uso. Hili halikuwa kwenye mafunzo yake. "Baba alisema wewe utasema 'nimesikia.'"

"Mwambie nimesema ndiyo."

Akageuka aende kulipeleka jibu. Hakuwa na safari ndefu. Kivuli kilikuwa kimekwishakaa kwenye ngazi, kichwa mikononi, nami nikamwacha Queen ashuke hadi kwake, alifikishe kama inavyotakiwa.